Ulimi wa Nyansiongo na matamshi ya Kihispania

MCHUMA majani chai wa Nyansiongo, Kaunti ya Nyamira, akionyeshwa kwamba Wahispania huandika jani kuwa "hoja", huenda akacheka. Kwetu hoja ni jambo la kujadiliwa. Hata hivyo, akilisikia likitamkwa hatalitambua, kwa maana herufi h katika Kihispania haina sauti, nayo j hutokea kooni mithili ya kh katika "kheri" ya watu wa Pwani. Neno hilo husomwa "okha".

Lugha hii si ngeni sana kwa Wagusii. Mwaka wa 1968 Naftali Temu, mwana wa jamii hiyo, aliishindia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mbio za mita 10,000 jijini Mexico City, palipo na wasemaji wengi mno wa Kihispania. Kisha mnamo Juni 2018 madaktari 100 kutoka Cuba waliwasili nchini kuhudumu katika hospitali za kaunti, mpango ambao serikali ilitangaza mwaka wa 2023 kwamba hautaendelezwa. Madaktari Wakenya nao walipelekwa Cuba kusomea tiba ya familia. Daktari na mgonjwa wasipoelewana, gharama yake si aibu tu.

Kosa la wanafunzi wengi ni kuifikia lugha hii kwa kupitia Kiingereza. Hiyo ni safari ya kuzunguka bure. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na husomwa takriban kama zetu. Anayejua kusoma "meza" tayari anaweza kusoma "mesa", na maana ni ile ile, maana neno letu tulilipata kwa Wareno, jirani wa Wahispania. Ch ya "leche", yaani maziwa, ni ch ya "chai". Herufi ñ ni ny ile ile iliyo mwanzoni mwa jina Nyansiongo: "mañana" (kesho) husomwa "manyana". Ll kwa wasemaji wengi ni y, hivyo "me llamo", naitwa, huwa "me yamo". Qu ni k tu. V na b hazitofautiani, kwa hiyo "vaca", ng'ombe, husikika "baka".

Hapa msemaji wa Ekegusii anampita hata Mswahili wa Mombasa. Katika neno "Abagusii", b haifungi midomo kabisa, na g hukwaruza koo kidogo badala ya kukatika. Ndivyo Wahispania wanavyotamka b na g zikiwa kati ya irabu, kama katika "abuela" (nyanya, mama wa mzazi) na "lago" (ziwa). Mwingereza huhangaika muda mrefu kuzipata sauti hizo.

Lakini Ekegusii haina l, na hapo ndipo penye mtego. Salamu ya Kihispania ni "hola", isomwayo "ola". Ikitoka kinywani kama "ora", msemaji amesema "hora", yaani saa. Vilevile "pelo" ni nywele, "pero" ni lakini, na "perro", ambalo r yake hutetemeshwa kwa nguvu, ni mbwa. Mwanafunzi na ayarudie matatu hayo kila asubuhi, polepole, mpaka sikio la mwenzake liyatofautishe bila kuona maandishi.

Jambo la pili ni mkazo. Sisi tumezoea kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Kihispania hufanya hivyo neno likiishia kwa irabu, n au s. Likiishia kwa konsonanti nyingine, mkazo huhamia mwisho: "español" ni "espanyOL". Neno linalokiuka kanuni hizo huwekewa alama juu ya irabu. Alama hiyo si pambo. "Papá" ni baba, ilhali "papa" huko Amerika ya Kusini ni kiazi. Anayejua kutofautisha barabara ya magari na kazi iliyofanywa barabara hatashangaa.

Hesabu ya mwanzo ni uno, dos, tres, cuatro, cinco. Hilo la mwisho ni "sinko" kwa Wacuba, na kwa watu wa Madrid ni "thinko", kwa th ya "thelathini". Yote mawili ni sahihi, ila chagua moja ushikamane nalo. Hospitalini daktari atauliza, "¿Dónde le duele?", akitamka "donde le dwele", yaani, unaumwa wapi? Ni sadfa tu kwamba mshairi wetu huuita ugonjwa ndwele, lakini sadfa hiyo husaidia kukumbuka. Jibu: "Me duele la cabeza", kichwa kinaniuma.

Yapo maneno mengine ambayo hayafanani kwa sadfa. Waarabu waliingia Uhispania mwaka wa 711, na utawala wao wa mwisho, Granada, ulianguka mwaka wa 1492. Waliacha maneno ambayo sisi tuliyapokea kwa njia ya bahari: sukari ni "azúcar", zeituni ni "aceituna", fulani ni "fulano". Kadhi wetu ni ndugu wa "alcalde", ambaye kwao sasa ni meya. Na "hata", kwa maana yake ya kale ya mpaka, ndiyo "hasta" iliyo katika kuagana kwao: "hasta mañana", hata kesho.