Misheni ya siku moja Mella, na mama wa mitumba aliyekuja kutazama

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu 14 wa kanisa moja la Busia, Kenya, walikuwa kwenye foleni ya Malaba wamevaa fulana za rangi moja. Walikuwa wakienda misheni ya siku moja nchi ya nje. Nchi yenyewe ya nje ni Mella, wilayani Tororo, ambako Wateso wa huku na wa kule huoana na kuzikana kana kwamba mpaka haupo. Lakini misheni ni misheni: waliombewa Jumapili, wakachangiwa nauli, na zaidi ya nusu yao walifunga vibanda kutwa nzima.

Watu walipita upesi. Tangu 2014 Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa, na hapo Malaba maafisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Mizigo ndiyo iliyokwama. Walikuwa na marobota mawili ya nguo zilizochangwa, katoni za sabuni na boksi la dawa. Ninyi mnaovuka kila wiki mnajua kilichofuata. Kile cheti rahisi cha asili ya bidhaa ni cha mali iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, yenye thamani isiyozidi dola 2,000. Koti lililoshonwa Uchina na kuvaliwa Uingereza haliingii humo, hata likiwa sadaka. Wakatangaza mzigo na kulipia ushuru kama mtu mwingine yeyote. Dawa hazikuwa na kibali cha kuingia Uganda. Kijana mmoja alizirudisha kwa boda boda. Hakuna aliyemlaumu afisa. Barua ilipaswa kuandikwa mapema, na wao wenyewe walikiri.

Mella tulifika saa tano, tumechelewa. “Yoga!” ilisikika kila upande chini ya mwembe, na ibada ikaenda kwa Kiteso na Kiswahili bila mkalimani, maana wanne kati ya wageni ni Wateso wa Amagoro. Muuguzi wa hapo Mella alipima presha. Wa kutoka Kenya akaandika majina na kupanga foleni. Hayo yalikwenda vizuri.

Kisha likafunguliwa robota la kwanza.

Watu walipokuwa wakijipanga, mama mmoja alikuja akasimama pembeni, mikono kifuani.

“Karibu mama, chagua,” kijana wa kwaya alimwambia.

“Za kuchagua ninazo, mwanangu. Nimekuja kuona nani atanunua zangu kesho.”

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Nakiri nilimwona mchoyo. Mtoto wa jirani anavishwa bure, wewe unahesabu mauzo? Lakini kiongozi wa msafara, ambaye naye huuza mitumba Busia miaka mingi, aliacha alichokuwa akifanya, akavuta benchi wakakaa.

“Umefungua la mchanganyiko au la watoto?” alimuuliza.

“La watoto. Kwa mkopo wa kikundi, na marejesho ni Ijumaa.”

Robota lililokuwa chini ya mwembe lilikuwa la watoto. Kiongozi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Anajua maana ya kufika kwenye kikundi mkono mtupu, wenzako wakalazimika kukulipia. Mama akaongeza jambo ambalo halikuwa la nguo: “Na hiyo sabuni mmeibeba toka Kenya ya nini? Duka lile pale linauza sabuni. Mngenunua kwake, wajane wangepata na yeye angepata.”

Walishauriana na mzee wa kanisa. Nguo zikatolewa kwa majina yaliyokuwa kwenye orodha yake tu, wajane na watoto wanaolelewa na bibi zao, kisha robota likafungwa. La pili halikuguswa.

Manung'uniko yakaanza. Baba mmoja aliyetembea na watoto watatu tangu asubuhi aliambiwa hayumo kwenye orodha. Alisema maneno ambayo gazeti hili halitayachapa, akawashika watoto mikono, akaondoka. Hakuwa na kosa lolote. Mimi naona kiongozi aliamua sawa. Anayeuza nguo Mella atakuwapo mwezi ujao na mwaka ujao, wageni wa fulana hawatakuwapo. Ila nisingeweza kumweleza hivyo yule baba, na kiongozi naye hakujaribu. Alimfuata hadi barabarani akamwomba radhi, akarudi kimya.

Chakula cha mchana kilikuwa atap na mboga, tukala pamoja. Mama wa mitumba alikaa karibu na kiongozi wakizungumza bei za jumla za Busia na gharama za usafiri hadi Mella. Waliandikiana namba za simu. Nilisikia wakikubaliana kwamba misheni ijayo, kanisa likichanga, lichange fedha, na nguo zinunuliwe kwake.

Jioni Malaba kiongozi alishuka na gunia moja la wimbi alilonunua Mella, ili siku isipotee yote. Wimbi hilo limelimwa Uganda, thamani yake ni ndogo. Akajaziwa cheti, likagongwa muhuri, akavuka. Robota la pili lilibaki stoo ya kanisa kule Mella, kamba zake hazijafunguliwa, maana kulirudisha Kenya nako kungetaka karatasi.