Kumuumba Shujaa wa Mtaani: Usawiri wa Kipenzi cha Mashabiki katika Ligi ya Miereka ya Kubuni

Miereka ya kulipwa inayoonyeshwa kwenye runinga ni drama kabla ya kuwa mchezo. Mshindi huamuliwa mapema, uhasama hupangwa kwa miezi, na maumivu, ambayo mara nyingi ni ya kweli, hutiwa chuku ili mtazamaji wa safu ya nyuma naye ayasome. Mnamo mwaka 1989 wenye kampuni ya WWF ya Marekani walikiri hivyo mbele ya watunga sheria wa jimbo la New Jersey, kwa lengo la kuepuka kanuni zilizowekewa michezo halisi ya mapigano. Roland Barthes alikuwa ameshalitambua jambo hilo zaidi ya miaka thelathini awali. Katika insha inayofungua kitabu chake Mythologies (1957), Barthes alishikilia kwamba hadhira ya miereka haitazami nani ana ustadi zaidi. Inachongojea ni kuyaona mateso, kushindwa na haki vikidhihirishwa waziwazi. Kwa hivyo, ligi ya miereka ya kubuni, yaani ile inayoandikwa kwa ajili ya hadithi, katuni au mchezo wa redio, inaweza kuchunguzwa kwa istilahi zile zile za uhakiki: nguli, jahili, mgogoro na taharuki.

Makala haya yanajadili aina moja tu ya nguli: mpigaji wa mtaani, mkakamavu, asiyejua kuwanyenyekea wakubwa, ambaye mashabiki humpenda kuliko wote. Waandishi chipukizi wana mazoea ya kumwanza mhusika huyu kwa nje. Humpa kovu shavuni, misuli, koti la ngozi na maneno machache ya Sheng, kisha hushangaa kwamba msomaji hajali iwapo atashinda au atashindwa. Inahojiwa hapa kwamba ukakamavu wa mtaani si sifa ya mwili hata kidogo. Ni uhusiano baina ya mhusika na yule anayemwonea, na baina ya uonevu huo na ule ambao hadhira yenyewe imeuonja. Pasipo mwonevu hakuna shujaa wa mtaani. Kuna mgomvi tu.

Fikra hii si ngeni kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili. Fumo Liyongo, katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, ni jitu lenye nguvu za ajabu, lakini si nguvu hizo zilizomweka vinywani mwa watu wa pwani kwa karne nyingi. Kilichomweka ni kwamba sultani alimwogopa na kumwinda. Liyongo hufungwa gerezani, hutoroka kwa hila akisaidiwa na mama yake na kijakazi Saada, na hatimaye huuawa kwa sindano ya shaba mkononi mwa mwanawe aliyehongwa. Ondoa wivu wa sultani na kifungo, na Liyongo atabaki kuwa mtu mrefu aliyejua kupiga upinde.

Kielelezo cha karibuni zaidi, na kilicho wazi kuliko vyote katika miereka ya runinga, ni Stone Cold Steve Austin. Historia ya kuundwa kwake inastahili kufuatwa kwa kituo, kwa sababu karibu kila hatua yake ina funzo kwa mtunzi.

Austin alizaliwa jimboni Texas mwaka 1964, akafanya kazi ya kupakua mizigo kabla ya kujifunza miereka mjini Dallas mwaka 1989. Katika kampuni ya WCW, alikoingia mwaka 1991, alisawiriwa kama mtanashati mwenye nywele ndefu za kimanjano. Alikuwa hodari, ila hakukumbukwa. Mwaka 1995, akiwa anauguza jeraha la mkono, aliachishwa kazi kwa simu. Alikwenda katika kampuni ndogo ya ECW, na kwa kuwa mkono haukuwa umepona, alipewa kipaza sauti badala ya pambano. Alichokisema pale kilikuwa malalamiko ya mtu aliyefutwa kazi. Ndipo sauti yake ya kweli ilipoanza kusikika.

Hata hivyo, WWF ilipomwajiri, ilimpa jina la The Ringmaster na meneja tajiri wa kumsemea. Huku ni kumziba mdomo mtu ambaye silaha yake ni mdomo. Austin alitaka kubadilishwa, akiwa ametazama filamu ya hali halisi kuhusu muuaji aliyeitwa Iceman, mtu asiye na chembe ya huruma. Waandishi wa kampuni walimletea orodha ya majina ya barafu na baridi, mengine ya kuchekesha. Jina lililokuja kumfaa lilipatikana jikoni: mkewe wa wakati huo, aliyekuwa Mwingereza, alimhimiza anywe chai yake kabla haijapoa ikawa baridi kama jiwe. Mtunzi na alitafakari hilo. Jina la mtaani halitoki ofisini. Hutoka kwa mtu anayemjua mhusika, katika shughuli ya kawaida, na mara nyingi huwa na kinaya. Jijini Nairobi, jitu la kilo mia moja na ishirini likiitwa Kadogo humwingia msomaji akilini upesi kuliko likiitwa Simba Mkali.

Tarehe 23 Juni 1996, mjini Milwaukee, Austin alishinda shindano la King of the Ring kwa kumpiga Jake Roberts, mkongwe aliyekuwa akijitambulisha wakati huo kama mlokole aliyetubu. Baada ya pambano alisimama na kuyakejeli mahubiri ya mpinzani wake kwa kujibunia aya yake mwenyewe, Austin 3:16, kwa mfano wa aya mashuhuri ya Injili ya Yohana. Kitendo hicho, kwa vigezo vya kawaida, ni cha jahili: kumdhihaki mzee aliyeanguka, na dini yake juu. Mandishi ya kampuni nayo yalimtaka awe jahili. Lakini mashabiki walianza kuja ukumbini na mabango yenye aya hiyo. Walikuwa wamesikia kitu ambacho mwandishi hakukikusudia.

Wale waliosoma vipera vya maghani watatambua kwamba hotuba ile ilikuwa majigambo. Ilikuwa na sifa zake zote: nafsi ya kwanza, tukio halisi lililotendwa punde tu, chuku, na msemaji ambaye ndiye mtendaji. Majigambo ya kijadi hayakutolewa na mtu aliyelala nyumbani; yalitolewa na aliyerudi vitani au mawindoni. Hapa ndipo wahusika wengi wa ligi za kubuni huanguka. Hujigamba ukurasa wa kwanza, kabla ya kutenda lolote, na majigambo yasiyo na tendo ni majivuno. Austin aliingia ulingoni jioni ile mdomo umeshonwa nyuzi, kwa sababu alikuwa amepasuliwa mdomo katika pambano la awali na kukimbizwa hospitali. Hadhira iliziona nyuzi hizo kabla ya kuyasikia maneno.

Kupinduka kwake kamili kulitokea tarehe 23 Machi 1997, huko Rosemont, Illinois, dhidi ya Bret Hart. Sharti la pambano lilikuwa kwamba mmoja lazima akubali kwa kinywa chake kuwa ameshindwa. Hart, mpenzi wa watu kwa miaka mingi, alimfunga Austin kwa mshiko wake maarufu wa miguu na mgongo. Damu ilimtiririka Austin usoni, mikono ikitapatapa, naye hakusema neno. Alizimia. Mwamuzi alisimamisha pambano, na Hart akaendelea kumpiga mtu aliyezirai. Austin alipopata fahamu alikataa kushikwa mkono na yeyote, akaondoka akipepesuka kwa miguu yake mwenyewe huku ukumbi ukiliimba jina lake. Alikuwa ameshindwa, na hakuna ushindi ambao ungempandisha namna ile. Kwa waandishi wanaodhani kwamba kipenzi cha mashabiki sharti ashinde (stelingi hafi, kama wasemavyo watazamaji wa filamu vibandani), pambano hili ni la kusomwa upya mara kwa mara.

Mwezi Agosti mwaka huo huo Austin aliumia shingo ulingoni, jeraha la kweli lililotishia kumlemaza. Tarehe 22 Septemba 1997, katika ukumbi wa Madison Square Garden, Vince McMahon, mwenye kampuni, alimsihi mbele ya umma atii amri ya madaktari na apumzike. Maneno yalikuwa ya upole. Aliyeyatoa alikuwa bosi. Austin akampiga pigo lake la kumalizia. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Kuanzia hapo jahili alipatikana, na ubora wa jahili huyu ulikuwa kwamba hakuhitaji kuelezwa. Kila mtazamaji aliyewahi kuajiriwa alikuwa amekutana naye: tajiri mwenye suti, mwenye kutabasamu, anayekuamuru kwa ajili ya manufaa yako. Aprili 1998 kipindi kilichowakutanisha wawili hao kilikishinda kile cha WCW kwa idadi ya watazamaji, baada ya WCW kuongoza kwa majuma 83 mfululizo. Machi 1999 Austin aliendesha lori la bia hadi kando ya ulingo, akachukua mpira na kummwagia bosi bia hadi akawa anaogelea sakafuni. Hakuna ngumi iliyorushwa katika onyesho hilo.

Mtangulizi wake katika njia hii alikuwa Dusty Rhodes, mwana wa fundi bomba, mnene, mwenye kithembe, asiye na umbo la mwanariadha. Katika hotuba yake ya mwaka 1985 dhidi ya Ric Flair, bingwa wa saa za dhahabu na suti za bei, Rhodes hakuzungumzia misuli. Aliwataja wafanyakazi wa viwanda vya nguo na vya magari waliopoteza kazi, na mzee aliyetumikia kampuni miaka thelathini akapewa saa na kutolewa nje kwa kuwa kompyuta imechukua nafasi yake. Kovu la mtaani alilolionyesha lilikuwa la watu wengine.

Kinyume chake ni Rocky Maivia. Dwayne Johnson aliingizwa ulingoni Novemba 1996 kwa jina lililounganisha la baba na la babu, wote wanamiereka, akiwa na tabasamu na ushindi wa haraka. Kampuni iliamuru apendwe. Mashabiki walimzomea, wengine wakiimba afe. Hakuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililokuwa kosa: hakuna aliyemdhulumu, na alichokuwa nacho alipewa. Alipogeuzwa jahili mwaka 1997 akaanza kujibu zile zomeo kwa ufasaha na kebehi, hadhira ile ile ilimgeukia, naye akawa The Rock.

Ni vyema sasa kugusia lugha, kwa kuwa mtunzi wa Kiswahili atakutana na tatizo ambalo watunzi wa Marekani hawakuwa nalo kwa uzito huo. Chukua makanga wa zamani kutoka Eastlands anayeingia ligi ya kubuni ya Nairobi baada ya kufutwa na mwenye matatu. Je, aseme Sheng? Akisema Kiswahili sanifu cha darasani, uhalisi unavunjika. Akisema Sheng tupu, msomaji wa Mombasa ataachwa nje, na baada ya miaka kumi hata yule wa Dandora, kwa kuwa msamiati huo huchakaa upesi. Njia inayofaa ni kuuhifadhi utaani katika mdundo na mantiki ya usemi: sentensi fupi, kejeli, hesabu za nauli na deni, mwito wa stendi unaogeuka majigambo ulingoni. Neno kama karao linatosha kupaka rangi, hayahitajiki arobaini. Aidha, mapigo yake yafanane na usemi wake. Austin alivaa bukta na viatu vyeusi tu, akatumia ngumi na mateke ya kukanyaga pembeni, na mlio wa kioo kinachovunjika ulitangulia kuingia kwake. Mtu wa mtaani haruki sarakasi.

Kuna pia mpaka unaopaswa kuzingatiwa. Mhusika anayewapiga wakubwa anaweza, katika mandishi ya mkono mzembe, kuanza kumpiga yeyote aliye karibu: mwuza tikiti, mwanamke, mgeni. Mara hiyo huwa mwonevu mwenyewe, na upendo hugeuka kuwa hofu. Kipimo ni rahisi: anayepigwa ana cheo kumzidi anayepiga?

Tarehe 1 Aprili 2001, mjini Houston, mbele ya watazamaji zaidi ya 67,000, WWF iliamua kumgeuza Austin kuwa jahili. Alimshinda The Rock kwa msaada wa McMahon, akampiga kwa kiti cha chuma mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kisha akampa bosi mkono na kunywa naye bia. Mwandishi alikuwa ameliuza kila kitu kilichomjenga mhusika kwa salamu moja. Lakini hiyo ilikuwa Texas, nyumbani kwake, na watu walishangilia. Katika miezi iliyofuata shangwe hizo zilipungua kote nchini, watazamaji wasijue wamweke wapi mtu wao. Austin mwenyewe amesema mara nyingi tangu hapo kwamba, kama angepewa usiku ule tena, angempiga McMahon pale pale ulingoni.