Je, Wajua? Konokono wa Mwambani Hupunguza Kasi ya Mwili Kustahimili Joto

Konokono wa mashamba ya Kitale, mvua zikikatika, hujifungia ndani ya gamba na kuziba mlango kwa ute unaokauka. Wenzake wadogo wa majabali ya Mombasa hukabili shida hiyo kwa saa, si kwa miezi: maji ya bamvua hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na jua la kaskazi huuchoma mwamba. Baadhi yao hurudisha mguu ndani, wakajining'iniza kwa ute ukingoni mwa gamba, wasiguse jiwe la moto. Chaza, asiyeweza kuhama, hufumba tu na kubaki na maji yake.

Mtu atauliza: kufumba si kujinyima ubaridi wa maji yanayovukizwa? Ni kweli, lakini akiba hiyo ni ndogo mno; ikiisha, joto linabaki na ukavu unaongezeka. Tena gamba halizuii joto la mwamba kupenya. Kwa hiyo naona kinga kubwa zaidi iko mwilini: kupunguza matumizi ya nishati, kuishi kwa muda bila oksijeni, na kutengeneza protini zinazozilinda nyingine zisiharibike. Gharama yake ni njaa, maana chaza aliyefumba hali kitu mpaka maji yajae.