Gauni Lililoanzia Kwenye Mfuko wa Unga

Wazee wa pwani wanakijua kitambaa cha amerikani: pamba tupu, kizito, rangi yake ya maziwa mpaka kifuliwe mara nyingi ndipo kiwe cheupe. Jina hilo lililetwa na merikebu za Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, ambazo tangu miaka ya 1830 zilishusha majora Unguja na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Bara kulikofika misafara, kitambaa hicho kilipokelewa kama fedha.

Huko kwao Marekani, ndugu wa kitambaa hicho alikuwa na kazi nyingine. Alifungiwa unga, sukari, mbegu na chakula cha kuku, na mfuko ulipokwisha ukaingia kwenye beseni la kufulia, kisha chini ya sindano.

Zamani unga wa Marekani ulisafirishwa katika mapipa ya mbao. Cherehani ilipoenea baada ya 1850 ndipo mifuko ya kitambaa ilipoaminika, kwa kuwa sasa mshono wake uliweza kubeba uzito bila kufumuka. Pipa likaanza kurudi nyuma. Mke wa mkulima akajikuta na kitu ambacho pipa halikuwahi kumpa: kila mwezi kipande cha pamba kilichokwisha kulipiwa, kwa sababu bei yake ilikuwa ndani ya bei ya unga.

Tatizo lilikuwa maandishi. Kampuni za usagaji zilipiga chapa jina lao mbele ya mfuko kwa wino mzito, na wino huo haukutoka kirahisi. Akina mama walipaka mafuta ya nguruwe au mafuta ya taa juu ya herufi, wakaviringisha mfuko na kuulaza hivyo usiku kucha, asubuhi wakauchemsha kwa sabuni waliyoipika wenyewe. Hata hivyo mara nyingine kivuli cha herufi kilibaki, na mizaha kuhusu watu wenye jina la kinu cha unga kwenye makalio ya chupi zao ilivuma mashambani kwa vizazi kadhaa.

Hakuna kilichotupwa. Mfuko ulishonwa mdomo kwa mshono wa mnyororo, ule ambao ukiujua uzi wa kuvuta, wote unafumuka kwa mara moja. Uzi huo ulizungushwa na kuwekwa kwa ajili ya kufuma vitambaa vya mezani. Mfuko wa ratili 100, yaani kama kilo 45, ukiufumua na kuutandaza unatoa yadi moja na ushei. Mifuko mitatu hivi ilitosha gauni la mtu mzima. Midogo ilikuwa foronya, nepi, aproni na taulo za vyombo. Vipande vilivyobaki viliunganishwa kuwa mablanketi ya viraka. Kazi hiyo ilifanyika kwa cherehani ya miguu, maana katikati ya miaka ya 1930 ni shamba moja tu kati ya kumi lililokuwa na umeme.

Ulaya, mifuko hiyo hiyo ilipata maisha mengine. Vita vya Kwanza vilipoikaba Ubelgiji, Tume ya Misaada iliyoongozwa na Herbert Hoover, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani, ilipeleka unga mwingi kutoka Marekani. Wanawake wa Ubelgiji hawakuhangaika kufuta maandishi. Waliyafuata kwa nyuzi za rangi, wakayazungushia maua, bendera na maneno ya shukrani, kisha mifuko ikauzwa kuchangia waathirika. Mingi imehifadhiwa leo katika maktaba ya Hoover, Iowa.

Wenye vinu hawakuwa wajinga. Waliona nani hasa anaamua unga upi ununuliwe. Katikati ya miaka ya 1920, kampuni ya George P. Plant ya St. Louis ilianza kuuza unga wa Gingham Girl katika mifuko ya kitambaa cha drafti, kilicho tayari kukatwa. Wengine wakafuata mbio. Wino ukawa wa kutoka kwa maji, au chapa ikawekwa kwenye karatasi ya kubandua. Yakaja maua, mistari, nukta na picha za wanyama kwa nguo za watoto. Watengenezaji wa mifuko waliajiri wachoraji wa nakshi, na wakatoa vijitabu vya kufundisha namna ya kugeuza mfuko kuwa gauni.

Hapo ndipo biashara ilipogeuka kichwa chini. Mume aliyetumwa mjini kununua chakula cha kuku alibeba kipande cha kitambaa mfukoni, sampuli ya kulinganisha, kwani gauni lililoanza na maua ya samawati haliwezi kumalizikia kwenye drafti nyekundu. Muuza duka alipekua rundo zima, na bila shaka mfuko uliotakiwa ulikuwa wa chini kabisa. Kuku walikula walicholetewa. Mwanamke yeyote wa Afrika Mashariki aliyewahi kumfungulisha muuza kanga doti ishirini ili apate moja ataielewa hali hiyo. Aliyekosa mfuko wa kufanana alibadilishana na jirani. Aliyekuwa na mifuko ya ziada aliiuza, na fedha hiyo, kama ile ya mayai, ilikuwa yake.

Ni rahisi leo kuisimulia habari hii kama hadithi tamu ya ubunifu. Tusisahau kwamba watu wengi walishona mifuko kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Baada ya masoko kuporomoka 1929, bei ya pamba na nafaka ilianguka hivi kwamba familia zilizoilima pamba yenyewe hazikumudu kununua kitambaa dukani. Watoto waliokwenda shule kwa nguo za mifuko walijua wenzao wanawatazama. Ndiyo maana mama aliongeza kola nyeupe, vifungo vilivyotolewa kwenye nguo kuukuu, au ukanda wa mapambo pindoni: asili isionekane.

Vita vya Pili viliondoa sehemu ya aibu hiyo. Mwaka 1942 serikali ilipunguza kitambaa kilichoruhusiwa kwa nguo za dukani, na mvaaji wa mfuko akahesabiwa mzalendo. Vita vilipokwisha mifuko ya karatasi ikaanza kushinda, kwa kuwa ilimgharimu mwenye kinu pesa chache. Viwanda vya pamba na vya mifuko vilijitetea kwa mashindano ya ushonaji. Gauni moja lililoshonwa huko Caldwell, Kansas, kwa ajili ya shindano la 1959, sasa limo katika jumba la makumbusho ya historia la Smithsonian, Washington.

Mifuko ambayo haikuwahi kugeuzwa nguo ndiyo inayotafutwa zaidi na wakusanyaji. Kwa kuwa viwanda viliuza pia nakshi za namna hiyo kwa yadi, mnunuzi hukiinua kitambaa mwangani akitafuta mstari wa matundu madogo pembeni, alama ya sindano ya kinu. Matundu hayo ndiyo ambayo mama wa shambani aliyapiga pasi kwa bidii ili yazibe.