Sisindela, mdudu mwenye mbio anayepotea mabwawa yanapofunika fukwe

Ana miguu mirefu, macho makubwa, na mwili unaozidi kidogo sentimita moja. Mchana wa jua kali anakimbia juu ya mchanga mtupu kando ya maji, akiwinda chungu na nzi. Wataalamu wanamwita sisindela. Ni jamii ya mbawakawa yenye aina zaidi ya 2000 duniani, na Kongo nayo inao.

Aina moja ya Australia ilipimwa ikikimbia mita 2,5 kwa sekunde. Mbio hizo zinayazidi macho yake: anapokimbia haoni tena mawindo, inamlazimu asimame, aangalie, kisha aanze tena.

Mtoto wake, buu, hakimbii. Anachimba shimo la kwenda chini, anaziba mlango kwa kichwa chake na kungoja. Mdudu akipita karibu, anamkamata na kumvuta ndani. Ndoano za mgongoni zinamshikilia asitolewe nje. Kwa aina fulani, maisha hayo yanachukua miaka miwili, na muda huo wote mchanga ule unapaswa kubaki mahali pake.

Hapo ndipo mabwawa yanaleta shida. Nchini Marekani, sisindela aitwaye Cicindela puritana aliishi kwenye fukwe za mto Connecticut, toka New Hampshire hadi jimbo la Connecticut. Mabwawa yalipojengwa, fukwe nyingi zilizama. Kwingine mafuriko yaliyokuwa yakisafisha mchanga yalipungua, majani na miti ikaota. Zilizobaki zilijaa watu wa kuogelea na mashua za mota, ambazo mawimbi yake yanakula ukingo. Mwaka 1990, serikali ilimweka kwenye orodha ya viumbe vinavyotishiwa kutoweka. Baadaye wataalamu walilea mabuu maabarani na kuwarudisha mtoni.

Kwetu, maziwa ya Nzilo na Mwadingusha yalizaliwa na mabwawa. Kando ya maziwa na mito ya mashariki, mchanga wa kujengea nyumba unachimbwa kila siku.

Kumtafuta sisindela hakuhitaji mashine, ndiyo maana wataalamu wanamtumia kupima hali ya mazingira. Jua likiwaka, tembea polepole ukingoni ukiangalia mita chache mbele. Akiruka na kutua karibu, huenda mashimo ya mabuu yako hapo hapo. Koleo likipita juu yao leo, kizazi cha miaka miwili kinaondoka pamoja na mchanga.