Sabuni Iendayo Chini ya Ardhi

Ajuaye kazi ya dobi anafahamu kwamba kanzu iliyodondokewa samli haitakati kwa maji matupu, hata ikisuuzwa mara saba, kwani maji na mafuta ni mahasimu tangu asili yao. Msuluhishi wao ni sabuni, ambayo kila chembe yake ina kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta. Nazo chembe hizo zikishakithiri hujikusanya mafungu mafungu, mikia ndani na vichwa nje, zikayafumbata mafuta humo, maji yakapita nayo.

Hekima hiyo ndiyo iliyotumika katika kambi ya jeshi la anga ya Hill, jimbo la Utah huko Marekani, ambako baina ya mwaka 1967 na 1975 viyeyushio vilimwagwa katika mahandaki yasiyosakafiwa. Kikuu kati yavyo ni trikloroethilini, sumu iliyo nzito kuliko maji, isiyoelea kama mafuta ya taa bali huzama. Ikapenya mchanga na changarawe hata ikatua juu ya tabaka la udongo wa mfinyanzi, na huko ikawa ikiyaharibu maji ya ardhini. Kuyavuta maji kwa pampu pekee ni kazi ya miaka mingi, maana matone yaliyonaswa baina ya chembe za mchanga hayang'oki, na kuyeyuka kwake ni kwa uchache mno.

Basi mwaka 1996 wataalamu waliingiza kwa visima vya upande mmoja maji yenye safaktanti, ndilo jina la jamii hiyo ya sabuni, wakayavuta kwa visima vya upande wa pili. Katika kipande cha ardhi kilichojaribiwa, takriban asilimia 98.5 ya sumu ilitoka.

Hata hivyo, sifa kubwa naupa ule udongo wa mfinyanzi. Sabuni hulegeza nguvu iyashikayo matone, na tone lililolegea, likikosa sakafu ya kulizuia, huteremka chini zaidi, likafika pasipofikiwa na kisima chochote. Kwa hiyo kuijua ardhi ni faradhi kabla ya kuiosha. Tena maji yaliyovutwa, yakiwa yamebeba sumu na sabuni pamoja, nayo hayana budi kusafishwa.

Sheria ya Marekani hairuhusu trikloroethilini katika maji ya kunywa kupita sehemu 5 katika sehemu bilioni moja. Kwa mizani hiyo, asilimia moja na nusu iliyosalia ardhini si kidogo.