Ukeketaji Mkoani Mara: Hatua Zilizopigwa na Vikwazo Vilivyosalia

Ukeketaji ni kukata au kuondoa sehemu ya viungo vya nje vya uzazi vya mwanamke au mtoto wa kike, au kuvijeruhi kwa namna nyingine, pasipo sababu ya kitabibu. Hauna faida yoyote kiafya. Mkoani Mara, katika jamii zinazoufuata, suala hili haliwezi kutenganishwa na usawa wa kijinsia: binti aliyekeketwa huhesabiwa kuwa tayari kuolewa, mahari ya ng'ombe hupokelewa, masomo hukatika, na uzazi huanza kabla nyonga hazijakomaa.

Hatua zilizopigwa

Tafiti za kitaifa za afya ya uzazi zinaonyesha kwamba wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa nchini walikuwa asilimia 18 mwaka 1996, na asilimia 8 mwaka 2022. Mkoani Mara walikuwa asilimia 32 katika utafiti wa mwaka 2015–16, wakashuka hadi asilimia 28 mwaka 2022. Tangu mwaka 1998 sheria inamwadhibu mzazi au mlezi anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18, au kusababisha akeketwe, kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15, faini, au vyote viwili. Nyumba salama za Butiama na Mugumu huwapokea mabinti wanaokimbia msimu wa ukeketaji, hasa Desemba, shule zinapofungwa.

Vikwazo

Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mwanamke wa miaka 45 aliyehojiwa mwaka 2022 huenda alikeketwa zaidi ya miaka 30 iliyopita. Mtoto aliyekeketwa Desemba iliyopita bado hajaingia katika hesabu. Aidha, hofu ya sheria imewafanya baadhi ya watu waache sherehe za hadharani na kukeketa kwa siri, au kuwakeketa watoto wakiwa wachanga. Katika utafiti wa mwaka 2015–16, zaidi ya theluthi moja ya waliokeketwa nchini walitendewa hivyo kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Sheria nayo ina mapengo. Kifungu cha ukeketaji hakimtaji mwanamke aliyevuka miaka 18. Kuhusu ndoa, Mahakama ya Rufani ilithibitisha Oktoba 2019 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Hata hivyo, mwaka mmoja uliotolewa kuvirekebisha ulipita pasipo marekebisho.

Madhara kwa mwili

Madhara ya papo hapo ni maumivu makali, kutokwa damu nyingi, kushindwa kukojoa, maambukizi na pepopunda. Baadaye huweza kutokea makovu magumu, uvimbe, maumivu wakati wa tendo la ndoa, hofu na sonona. Kovu halitanuki kama ngozi ya kawaida. Kwa hiyo mama huweza kuchanika vibaya anapojifungua. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, uliohusisha wajawazito zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, ulibaini kwamba waliokeketwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kujifungua kwa upasuaji, kutokwa damu baada ya kujifungua na kupoteza mtoto. Hatari iliongezeka kadiri ukataji ulivyokuwa mkubwa.

Wajibu wa kliniki

Tendo linapofichwa, kliniki ya mama na mtoto huwa miongoni mwa sehemu chache ambako linaweza kujulikana. Musoma na Bunda zina wakazi wa makabila mengi. Mhudumu asidhani kwamba jambo hili ni la Tarime na Serengeti pekee. Katika hudhurio la kwanza, mjamzito aulizwe kwa faragha na kwa heshima, majibu yaandikwe, na aliye na kovu ashauriwe kujifungulia kituoni. Anapojifungua binti, mazungumzo juu ya mtoto huyo yaanze kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na mume na mama mkwe washirikishwe pale mama anaporidhia.

Mtoto anayeletwa akiwa na jeraha atibiwe kwanza: damu izuiwe, maumivu yapunguzwe, chanjo ya pepopunda itazamwe. Kisha taarifa itolewe kwa ofisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mzazi asilaumiwe mbele ya wagonjwa wengine, kwa maana aliyeaibishwa hatarudi, na mtoto ndiye atakayeumia. Mhudumu wa afya asikubali kamwe kukeketa kwa vifaa safi. Usafi hauondoi madhara ya kukata kiungo kizima.

Mama aliyekeketwa asiogope kufika kituoni. Yeye hakutenda kosa, na sehemu kubwa ya matatizo yake yana tiba au nafuu. Yeyote anayemhofia mtoto apige simu namba 116, bila malipo, kabla Desemba haijafika.